Nyuki kwa Hiari ya Nchi Mwanachama

Wageni walikuwa wakija Kyumbuni kuona uzio wa nyuki, na jambo la kwanza lililoombwa kwa niaba yao ni kwamba nyuki wasiwepo.

Ombi lililetwa na Jonah Kiilu, mratibu wa itifaki wa Jukwaa la Hifadhi Jirani. Jukwaa hilo liliundwa na Kenya, Tanzania na Uganda ili mbuga zilindwe kwa pamoja, kwa kuwa wanyama hawajui mpaka. Sentensi hiyo, kwamba wanyama hawajui mpaka, ilisemwa katika kila mkutano wa Jukwaa, na kila aliyeisema aliitamka kana kwamba ameigundua mwenyewe asubuhi ile. Kuhusu wanyama wenyewe, Jukwaa lilikuwa bado halijafanya kitu. Lilikuwa limetengeneza fulana, mikoba na nembo.

Aliyesimamia uzio ni Ndila Mutisya, mtaalamu wa tabia za ndovu, mzaliwa wa Kabati kule Kitui. Alikuwa mkavu wa maneno, hakupenda kuulizwa jambo mara mbili, na wanakijiji walimheshimu bila kumpenda, mpango ambao ulimfaa. Kyumbuni iko sehemu za chini za Makueni, mahali mashamba yanapokoma na vichaka vya Tsavo kuanza. Kila baada ya mvua ndovu walipanda kutoka upande wa Tanzania, wakapita hapo, na baada ya miezi michache wakarudi walikotoka. Kabla ya uzio, walipita juu ya ndengu, mahindi na mara mbili juu ya watu.

Uzio wenyewe ulikuwa kitu rahisi. Nguzo, waya kati ya nguzo, na mizinga iliyoning'inia kwenye waya. Ndovu akigusa waya popote, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka wakiwa na hasira. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki hawapotezi muda na ngozi. Huenda machoni na ndani ya mkonga. Katikati ya uzio Ndila alikuwa ameacha pengo pana, pale pale palipokuwa na njia ya zamani ya ndovu. Misimu mitatu mfululizo ndovu walifuata uzio hadi kwenye pengo, wakapita, wakaenda zao.

Mkutano wa Jukwaa, uliokuwa ukifanyika katika hoteli moja ya Kiboko, ungechagua kati ya mambo mawili. Ama uzio wa nyuki ungejengwa pande zote mbili za mpaka kwa mfano wa Kyumbuni, au ungejengwa uzio wa umeme, ulionyooka, usio na pengo. Ndila alijua kitakachotokea ndovu wakikuta waya wa umeme juu ya njia waliyofundishwa na mama zao. Wangeubomoa, na baada ya hapo kila mwaka wangekufa ndovu kadhaa na watu kadhaa, na Jukwaa lingetuma rambirambi. Alitaka kura hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kwa sababu hiyo alijitahidi kumvumilia Jonah.

Jonah hakushuka garini. Aliteremsha kioo kiasi cha sauti kupita.

"Daktari, mahali hapa ni pazuri sana. Shida ni hao wadudu."

"Nyuki."

"Hao. Si unaweza kuwahamisha kwa siku moja?"

"Niwapeleke wapi? Hotelini?"

"Usinielewe vibaya. Mkutano uliopita katibu mmoja aliumwa na nyigu kwenye kope. Jicho likafura, na ndiye alikuwa asome azimio. Alisoma nusu."

"Nina mavazi ya wavu ya kuwatosha wote."

"Mgeni rasmi atokee kwenye taarifa ya habari kama mtu anayekwenda kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe?"

"Basi waje alfajiri, wakati nyuki wametulia. Wasimame pale kwenye mgunga. Hakuna atakayeguswa."

"Kwa ratiba ni saa tatu. Kwanza kuna maombi, utambulisho na salamu."

"Salamu zinawezaje kumaliza asubuhi nzima?"

"Daktari," Jonah alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, "hizo ni nchi tatu."

Ndila alimwambia kwamba uzio usio na nyuki ni kamba ya kuanikia nguo, na kwamba nyuki hawatahama. Kisha alipanda pikipiki yake kwenda Kiboko kuandaa hotuba. Jonah alipandisha kioo, akaenda kumtafuta mtu mwenye busara zaidi.

Mtu huyo alikuwa Kimeu, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki na shemasi wa kanisa. Kimeu alikuwa na sauti nzito na koti jeusi, na kwa miaka mingi vyote viwili vilikuwa vimekosa hadhira inayolingana navyo. Jonah alimwahidi kiti katika meza kuu na nafasi ya kutoa neno la shukrani mbele ya nchi tatu. Kimeu alisikiliza kwa hamu, lakini lilipofika suala la mizinga alitikisa kichwa.

Hakuwa akijifanya. Kila mzinga wa Kyumbuni una alama ya ukoo iliyochomwa ubavuni kwa chuma cha moto, na Mkamba hafungui mzinga wenye alama isiyo yake. Hafungui hata wa kaka yake, hata wakati wa njaa. Anayefanya hivyo huitwa mbele ya ukoo na kutendewa kama mtu aliyekutwa chumbani mwa mke wa mwingine. Katika mizinga ya uzio ule, ya Kimeu ilikuwa michache. Mingine ilikuwa ya Aombe, ukoo mkubwa wenye kumbukumbu ndefu.

Jonah naye ni Mkamba, mtoto wa Kilungu, kule milimani ambako watu wanajua machungwa na maparachichi kuliko asali. Lakini mila aliijua kiasi cha kuweza kuizunguka.

"Mwenyekiti, mila inakataza nini hasa?"

"Kufungua mzinga wa mwenzako."

"Na kuna mtu amekwambia ufungue?"

Shemasi ni mtu aliyezoea kupima maandiko, na mara Kimeu akaona njia. Kuziba si kufungua. Ukilitazama jambo vizuri, kuziba ni kinyume kabisa cha kufungua. Mtu anayeziba mzinga wa jirani yake karibu tunaweza kusema anaulinda.

Kusema haki, alisema pia jambo la maana. Mzinga uliozibwa ukipigwa na jua ni jiko. Nta hulainika, masega huanguka, nyuki hujipika kwa joto lao wenyewe. Jonah akamwonyesha ratiba: Kyumbuni, saa tatu kamili, kisha kurudi hotelini kwa chai. Jua la saa tatu si kitu. Hivyo Kimeu, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kuliamini wingu hata liwe jeusi kiasi gani, aliiamini ratiba.

Jioni ile nyuki waliporudi, alipita kwenye uzio na beseni la udongo uliokorogwa na mavi ya ng'ombe. Nduku, mjane ambaye shamba lake la ndengu lilipakana na uzio, alimwona.

"Unafanya nini hapo, shemasi?"

"Usafi. Kuna wageni."

"Usafi kwa mavi ya ng'ombe," Nduku alisema. "Hao wageni ni wa namna gani?" Akaendelea na palizi yake. Alidhani ni dawa ya serikali, na dawa za serikali kwa kawaida zinanuka.

Asubuhi iliyofuata, huko Kiboko, mkutano ulifunguliwa kwa maombi ya Kikristo, kisha dua ya Kiislamu, kisha maombi mafupi ya kumwombea yule aliyesahauliwa kuombewa. Ziliimbwa nyimbo tatu za taifa na mmoja wa Jumuiya. Kila msemaji alianza kwa kusema kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, akimtaja kila mtu kwa cheo chake na kumwomba asimame apigiwe makofi. Makofi yenyewe yalikuwa ya aina: kulikuwa na makofi ya kilo, makofi ya mvua, na makofi ya ndovu, ambayo mratibu aliwafundisha wajumbe papo hapo, na ambayo yalibidi yarudiwe kwa sababu upande wa kushoto haukuyaweza. Ndila alikaa nyuma. Saa tatu ilipita wakati wa utambulisho wa kamati ya upishi.

Kando yake aliketi Bi Zulekha, kiongozi wa msafara wa Tanzania, mama wa makamo mwenye miwani ya dhahabu na upepeo wa ukindu.

"Hawa ndugu zako wana pumzi," Bi Zulekha alinong'ona.

"Wewe umepewa dakika ngapi?"

"Tano. Lakini nina salamu za wakubwa wanne. Siwezi kurudi nazo Dodoma."

Alizitoa zote. Mjumbe wa Uganda akafuata na zake, pamoja na historia fupi ya sokwe, ambao hawako Tsavo wala hawajawahi kuwako. Magari yaliondoka Kiboko jua likiwa limepita utosini, na yalipofika Kyumbuni ilikuwa imekaribia saa tisa.

Ndila alishuka wa kwanza. Alitembea hadi kwenye uzio, akasimama. Uzio wa nyuki saa kama ile huwa na mvumo ambao mtu huusikia miguuni kabla ya kuusikia masikioni. Sasa alisikia milango ya magari tu na mtu akiuliza choo kiko wapi. Aliweka kiganja juu ya mzinga wa kwanza, akakiondoa haraka. Tundu lilikuwa limesiribwa kwa udongo mkavu. Chini, kwenye maungio ya mbao, asali iliyochanganyika na nta ilikuwa ikidondoka, na siafu walikuwa wameshapanga msafara kuifuata.

"Nani ameziba hii?"

Kimeu alikuwa karibu, ndani ya koti jeusi, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. "Ni kwa muda tu, Daktari. Walisema saa tatu."

"Fungua."

"Siwezi," Kimeu alisema, naye alisema kweli. "Huo si wangu."

Ndila alitoa ufunguo wa pikipiki, akaanza kukwangua udongo. Jonah akamfikia, akamshika kiwiko huku akitabasamu kuelekea kwingine.

"Daktari, kamera ziko hapa."

"Wanakufa."

"Wamebakiza dakika kumi tu hawa wageni. Dakika kumi."

Udongo ulitoka. Walitambaa nje nyuki wachache, waliolowa asali, mabawa yamegandamana. Walianguka mmoja baada ya mwingine na siafu wakawapokea.

Wajumbe walikuwa wamejipanga. Jonah aliuona ukimya kama tatizo la kiufundi, na alikuwa amelitarajia. Alitoa kipaza sauti kidogo, akakiunganisha na simu, na mvumo wa nyuki ukasikika, mzito na wa kutisha. Ndila aliutambua. Ndiye aliyeurekodi, miaka mitatu nyuma, kwenye uzio huo huo, na ndiye aliyempa Jonah kwa ajili ya picha za mkutano. Wajumbe walisisimka. Mmoja aliushika waya na kuutikisa kwa ushujaa, mwenzake akimpiga picha. Makofi ya ndovu yakapigwa, safari hii vizuri pande zote.

Bi Zulekha alikuja karibu na mzinga, akainama. "Nyuki wenu ni wapole. Wa kwetu wangekuwa wameshanivua miwani."

"Hawa ni maiti, Bi Zulekha," Ndila alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wamezibiwa tangu jana jioni ili wasiwasumbue. Mnachosikia ni simu."

Watu walimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyetaja ugonjwa mezani. Mjumbe aliyeushika waya aliuachia taratibu. Kisha Jonah akacheka, akasema Daktari ni mtu wa utani, watu wa Kitui ndivyo walivyo, na akamkaribisha mwenyekiti kutoa neno la shukrani. Kimeu alishukuru nchi tatu, akamshukuru Mungu kwa hali ya hewa, na akashukuru hata wadudu, ambao leo wamejua kwamba kuna wageni. Ofisa mmoja aliyekuwa akiandika mambo muhimu aliandika: hakuna aliyeumwa.

Magari yalipoondoka wenye mizinga walikuja kufungua, kila mtu yake. Nyuki walikuwa wamelala chini ya masega yaliyoanguka, wamegandana kama zabibu kavu. Katika mizinga miwili mitatu iliyokuwa kivulini walibaki hai wachache, na hao walipoona mwanga waliruka na kwenda zao moja kwa moja. Ndila aliwaeleza watu kwamba ndovu wako karibu, kwamba ameona kinyesi kibichi upande wa pili, na kwamba kabla ya giza inabidi wakusanye vitambaa, pilipili na mafuta machafu ya gari ili wafunge kwenye waya angalau kwa siku chache.

Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa na jambo kubwa zaidi.

"Ulishika mizinga ya Aombe?" mzee mmoja alimuuliza Kimeu.

"Sikufungua hata mmoja."

"Nimeuliza kama ulishika."

"Niliziba. Kuziba si kufungua."

"Ukienda kwangu ukute mlango wazi, ukaupigilia misumari watoto wakiwa ndani, utaniambia hukufungua?"

"Lakini mila inasema..."

"Sasa unatufundisha mila, shemasi? Kwani umetumwa na yule wa Kilungu?"

Kikao kilikaa hapo hapo kando ya uzio. Walijadili alama moja moja, ni mzinga upi uliozibwa kabla ya upi, na kama mkono wa kulia ndio uliotumika. Waliamua dume la mbuzi kwa kila ukoo ulioguswa, na walikuwa bado wakibishana kama koti jeusi linaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya fidia wakati jua lilipozama. Ndila alifunga vitambaa peke yake, hadi pilipili ikaisha. Aliwatazama wale wazee akafikiri kwamba tofauti kati yao na mkutano wa Kiboko ni viti tu.

Ndovu walikuja kabla ya alfajiri. Hawakwenda hadi kwenye pengo; hawakuwa na sababu. Walipima waya, waya ukatikisika, na baada ya kungoja kidogo wakapita juu yake. Asubuhi Nduku alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, ambalo jana lilikuwa ndengu zilizokomaa, zikingoja kung'olewa. Sasa lilikuwa udongo uliofinyangwa, wenye mashimo ya mviringo yaliyoanza kujaa nzi.

"Kwa hiyo," alimwambia Ndila bila kumtazama, "waambie wageni wako ushirikiano umeanza. Ndovu wao wamekula ndengu zangu."

"Si wao. Ndovu hawana..."

"Usiniambie hawajui mpaka. Hawa waliokuja kwangu waliujua vizuri. Shamba la Kimeu hawajagusa."

Hilo lilikuwa kweli, na lilitokana na mwelekeo wa upepo, lakini Ndila hakuona faida ya kulieleza. Alipiga picha za nyayo, za waya, za mizinga, akaenda Kiboko.

Siku ya mwisho ya mkutano alipewa nafasi ya kuzungumza kabla ya chakula, wakati ambapo wajumbe husikiliza kwa pua. Alionyesha picha za misimu mitatu, uzio ukiwa na nyuki: nyayo zikifuata waya, zikipita penye pengo. Kisha akaonyesha za asubuhi ile. Alisema kwamba Jukwaa, bila kukusudia, limefanya jaribio ambalo yeye asingethubutu kulifanya, na kwamba matokeo hayana utata. Mizinga yenye nyuki inazuia ndovu. Mizinga isiyo na nyuki ni mbao.

Hakuna aliyebisha. Walimpigia makofi ya mvua, kisha kamati ya uandishi ikajifungia. Bi Zulekha alikuwa ndani, na kwa muda fulani Ndila alijiruhusu kutumaini.

Uzio wa umeme ulianguka mapema, si kwa hoja zake. Wajumbe walikuwa wameipenda Kyumbuni. Palikuwa na utulivu, palipendeza kwenye picha, na katika ziara za nyuma wengi walirudi na malengelenge au kuhara, ilhali huku hawakupata dhara lolote. Uzio wa nyuki ulishinda kwa sababu nyuki walikuwa wamekufa. Tatizo lilizuka baadaye, pale mtaalamu wa afya ya mifugo alipouliza itakuwaje nyuki wa nchi moja wakivuka mpaka kutafuta maua katika nchi nyingine bila cheti. Swali hilo lilijadiliwa kwa saa mbili na watu wazima. Mwishowe Jonah, ambaye kipaji chake kilikuwa hiki hasa, alipata maneno yaliyowaridhisha wote: uzio wa mizinga utajengwa pande zote za mpaka, pengo la njia ya wanyama litaachwa wazi, nyuki wakiwa kwa hiari ya nchi mwanachama.

Alimletea Ndila kurasa hizo ukumbini, amefurahi kwa dhati.

"Umeshinda, Daktari."

"Kwa mizinga mitupu."

"Kwa mizinga. Utupu ni suala la utekelezaji. Upande wetu tumeamua tuanze bila, kwa usalama wa umma. Itatoka kiwandani ikiwa imezibwa kabisa, mtu asije akapata ajali. Weka sahihi hapa, kama mtaalamu."

"Nikikataa?"

"Kiambatisho cha kitaalamu kitakosa mwenyewe, na azimio haliwezi kusomwa bila kiambatisho. Tutarudi kwenye umeme. Kule mtaalamu yupo, na kalamu yake iko tayari."

Bi Zulekha alikuwa amesimama karibu, akijipepea. "Sisi tutaweka nyuki," alisema. "Nimewaambia wenzangu kwamba tembo hasomi azimio. Kwako wewe si hasara kubwa, mwanangu. Upande mmoja nyuki, upande mwingine hakuna, mizinga ile ile, tembo wale wale. Mtafiti gani amewahi kupewa ulinganisho kama huo?"

Ndila alikuwa ameshaliona hilo kabla halijasemwa. Aliliona mara tu aliposoma neno hiari, na kwa sekunde moja lilimpendeza, jinsi hesabu iliyonyooka inavyopendeza. Lakini upande usio na nyuki ulikuwa Kyumbuni. Aliweka sahihi. Njia ya ndovu ingebaki wazi, na hilo ndilo alilokuwa amelijia. Azimio likasomwa lote, na katibu mwenye macho mazima.

Mizinga mipya ilifika siku chache kabla ya mvua za vuli. Ilikuwa mizuri, ya kijani, yenye nembo ya Jukwaa kwa rangi nne. Haikuwa na tundu. Mahali pa tundu kiwanda kilikuwa kimechora duara jeusi, lenye kivuli upande mmoja ili lionekane la kweli. Vijana wa mkandarasi waliining'iniza kwa mchana mmoja, wakafyeka nyasi chini yake kwa ajili ya uzinduzi, uzinduzi ukapita, na Kimeu akateuliwa mlinzi. Wazee wa Kyumbuni nao walikuwa wameshakaa na kuamua kwamba kitu ambacho hakijawahi kukaliwa na nyuki ni sanduku, si mzinga, na sanduku halina mwiko.

Ndila alikuja kupima nafasi kati ya nguzo. Vipimo vilibidi vilingane na vya upande wa Tanzania, ambako makundi ya kwanza ya nyuki yalikuwa yameshaingia yenyewe. Alimkuta Nduku kwenye uzio, amewasha moto mdogo wa kuni, na ndani ya moto kipande cha nondo kimeanza kuwa chekundu. Shamba lilikuwa limepigwa jembe na kupandwa ndengu upya.

"Kimeu yuko wapi?" Ndila aliuliza.

"Amelala. Analinda vizuri akilala." Nduku alichomoa nondo, akaitazama, akairudisha. "Mvua ikianza kutakuwa na nyuki wanaohama. Watapita hapa kama kila mwaka. Wakikuta mlango wa kuchora watanicheka."

"Ile ni mali ya Jukwaa."

"Nguzo zimechimbiwa kwangu. Miguu ya ndovu nayo ilikuwa juu ya ndengu zangu. Jukwaa lina nini hapa, binti wa Kabati?"

Ndila alikuwa akifikiri juu ya ulinganisho. Mzinga mmoja ukiingiwa na nyuki katika upande usio na nyuki, takwimu za msimu mzima zingekuwa takataka, na asingeweza kuziandika popote bila kudanganya. Miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuharibu takwimu hata moja. Mtu mwingine angekuja, na mpango mwingine, na azimio jingine, wangeuliza ushahidi uko wapi, naye angekuwa na upande mmoja tu wa kuwaonyesha.

"Utanishtaki?" Nduku aliuliza.

"Kwa nani?"

Nduku aliitoa nondo, akaielekeza katikati ya duara jeusi.

"Si hapo," Ndila alisema. "Hapo ni juu mno, maji yataingia." Aliweka chini futi yake ya kupimia, akaushika mzinga kwa mikono miwili ili usibembee. "Chini, karibu na sakafu. Na iwe upana wa kidole kimoja. Ukizidisha, nyegere ataingiza mkono."